Rangi za Ukindu na Uzi

Ningependa kuanza kwa kusema kwamba Lailah binti Abdul-Latif ni mtu mpole, lakini Nakawa nzima itanicheka. Sauti yake humtangulia ngazini. Ukimsikia anasema, “Samahani, naomba kuelewa,” jua kuna mtu leo ataeleza mpaka koo limkauke. Miaka minne tulikaa chumba kimoja cha ofisi, yeye kwenye kompyuta, mimi kwenye cherehani na madaftari yangu ya ukatibu. Sijawahi kugombana na mtu kiasi hicho na bado nikampenda.

Mimi naitwa Perpétue, wa Bukavu. Wanaonijua huniita Mama Heritier. Kikundi chetu kinaitwa Ukindu na Uzi, wanawake mia moja na ishirini na kitu: Wanubi wanaosuka tabaga, zile sinia za ukindu wa rangi za kufunikia chakula, na sisi Wakongomani na wengine tunaoshona. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la vipuri, mwendo mfupi kutoka soko la Nakawa, hapa Kampala. Lailah aliajiriwa kupokea wageni na kupiga chapa barua. Baba yake, dereva wa malori, alitaka binti awe muuguzi, lakini binti akasema hawezi kazi ya kumwambia mtu “haitauma” huku akijua itauma. Akasomea ukarani. Mambo ya tovuti alijifundisha mwenyewe palepale mezani, kwa kuharibu na kutengeneza.

Huo mfumo wa mtandaoni tulipewa. Shirika la wafadhili linaloitwa Daraja la Kesho lilileta kila kitu tayari: mteja anaona kazi zetu na kuagiza, mwanachama anafungua simu na kuona oda zake na ratiba ya mafunzo. Mfumo mzuri, sikatai. Lakini ulikuja umevaa nguo za wenyewe. Juu kabisa nembo ya Daraja, kubwa, imejaa upana wa kioo. Vitufe buluu ya Daraja, vichwa vya habari buluu ya Daraja. Sisi ulitutafuta chini kabisa, mwisho wa ukurasa, kwa maandishi ya kijivu ambayo mimi bila miwani siyaoni: “Mnufaika Na. 17.” Jina halikuwepo, ilikuwepo namba tu.

Pamoja na mfumo alikuja Bwana Wandera, mratibu. Mtu safi, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua, na Kiswahili chake cha Busia kinateleza. Ndiye aliyesaini mikataba ya wafanyakazi wa ofisi, mmoja ukiwa wa Lailah. Wa Lailah ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja.

Miaka miwili tulikaa na ile buluu na hakuna aliyesema neno. Mimi pia sikusema. Kisha mwezi wa pili mwaka huu mwalimu mmoja wa Kyambogo akanunua tabaga sita kwa ajili ya harusi ya binti yake, akazipenda, akatuandikia. Lailah aliisoma ile barua kwa sauti: “Nawashukuru sana Daraja la Kesho kwa mikono yenu ya ajabu.” Akaisoma tena. Zile tabaga sita zilikuwa zimesukwa na Hajati Kaltumi, mwenyekiti wetu, kwa wiki saba, na goti lake bovu limenyooshwa juu ya kigoda.

“Mama Heritier,” Lailah akaniambia, “huyu mama hana kosa. Ameshukuru jina aliloliona mlangoni.”

“Kale, sawa, mwandikie umsahihishe.”

“Nimsahihishe yeye? Mlango ndio nitausahihisha.”

Kumbe muda wote ndani ya mfumo kulikuwa na ukurasa wa mipangilio, umeandikwa Mwonekano. Pale unaweka nembo yako, unachagua rangi ya juu, rangi ya vitufe, aina ya herufi. Kila rangi ina jina lake la tarakimu na herufi sita, ukikosea moja unapata rangi nyingine kabisa. Mambo mengine hayakubadilika kwa kubofya, ikabidi aingie kwenye faili lenyewe la mtindo na kuandika. Alipiga picha tabaga iliyotundikwa ukutani ofisini, nzuri kuliko zote, akachota rangi zake moja moja: kijani, chungwa, waridi iliyokolea. Ijumaa jioni ukurasa ulikuwa unawaka. Juu pameandikwa Ukindu na Uzi. Nilitokwa na machozi, nasema ukweli, nikajifanya ni vumbi la kitambaa.

Jumatatu asubuhi tukakuta buluu imerudi. Lailah hakuuliza, alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Wandera na kumwita mwizi wa jina mbele ya wateja wawili. Maskini Wandera alikuwa hajui hata kilichotokea. Ni mfumo wenyewe uliokuwa umejisasisha usiku wa Jumapili na kufuta alichoandika, kwa sababu alikuwa ameandika ndani ya faili la wenyewe badala ya kutengeneza faili lake la juu ambalo halifutwi. Alipogundua, alirudi mlangoni palepale. “Bwana Wandera, nimekukosea, na nimekukosea mbele ya watu. Naomba radhi.” Akawapigia simu hata wale wateja wawili kuwaambia. Hivyo ndivyo alivyo. Akikosa anasema amekosa, na hangoji kuvutwa sikio.

Lakini sasa Wandera alikuwa amejua. Alifungua ukurasa, akautazama, akafunga.

“Lailah, wageni wa Daraja wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo,” alisema. “Siku hiyohiyo ndiyo mkataba wako unakwisha. Ukurasa ubaki kama ulivyokuwa. Nikikuta buluu, nasaini. Nikikuta kingine, sisaini. Sitaki ugomvi na wewe.”

“Hutaki ugomvi lakini unataka buluu.”

“Nataka wewe ubaki kazini.”

Na nadhani alimaanisha. Mimi mwenyewe nilimvuta Lailah pembeni nikamwambia aache ujinga. Ana mama mgonjwa, anaishi naye chumba kimoja, nani atamwajiri mtu mwenye ulimi kama wake? Rangi ni rangi tu. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

“Wewe ulipovuka mpaka,” akasema, “kwenye foleni walikuita namba ngapi?”

Namba yangu ninaikumbuka mpaka leo. Nilirudi kwenye cherehani na kushona mkono wa gauni nje ndani.

Wiki hiyohiyo akaweka mwonekano wake upya, safari hii kwenye faili lake mwenyewe, na ukashika. Tukadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo simu zilipoanza.

Sio wafadhili waliopiga, ni wanachama wetu. Wa kwanza aliuliza kwa nini ameingizwa kwenye duka la Hajati Kaltumi. Wa pili aliuliza oda zake zimehamishiwa kwa Hajati tangu lini. Wa tatu, Safinah, hakuuliza kitu, alisema tu kwamba kama kikundi kimekuwa cha mtu mmoja basi jina lake lifutwe orodhani. Mpaka saa sita walikuwa wamepiga kumi na tisa. Lailah alishika kichwa. Sisi wote wawili tulikuwa tumeisahau sheria inayojulikana na kila msusi kikundini kwetu: ukingo wa tabaga unafungwa na aliyeisuka, kwa mpangilio wa rangi zake mwenyewe, na haufungwi na mtu mwingine. Ukiugua, tabaga inakungoja. Kwa hiyo hakuna haja ya kuandika jina, msusi anatazama ukingo anakuambia huyu ni fulani. Kijani, chungwa, waridi ni Kaltumi. Lailah alikuwa amechukua ukingo wa mwanamke mmoja na kuuvisha mlango wa wanawake mia na ishirini.

Alasiri Hajati mwenyewe akapanda ngazi, na lile goti lake, amekasirika.

“Nani ameweka mkono wangu kwenye mlango wa watu?”

“Mimi, Hajati,” Lailah akasema. “Nilichagua kwa macho, sikufikiri. Nimekosa.”

“Umekosa kweli. Mimi ni mwenyekiti, sio mwenye mali. Ondoa.”

“Nitaondoa. Lakini sirudishi buluu.”

Nikasubiri radi. Hajati alikaa kwanza, akalinyoosha goti lake, akavuta pumzi. “Nani kakwambia urudishe buluu? Tuwaite watu Jumapili.”

Tulikutana barazani kwake, Kyambogo. Walikuja tisini na mmoja, niliwaandika. Aisee, sijaona mkutano mgumu kama ule, na mimi nimekaa kwenye mikutano ya wakimbizi. Kila mtu alitaka rangi yake. Aliyesema njano alizomewa kabla hajamaliza, kwa sababu Kampala njano ina chama chake, na ukiipaka mlangoni utaulizwa umetumwa na nani. Akasimama mwingine na nyekundu, naye akakalishwa kwa sababu ileile. Mmoja akapendekeza tuchanganye rangi za wote, tisini na moja. Lailah akasimama. “Samahani, naomba kuelewa. Mnataka ukurasa au mnataka kipandauso?” Wengine walicheka, wengine walinuna, na walionuna walikuwa wengi.

Na sisi washonaji tulikuwa na letu. Nilisimama mwenyewe nikasema mnagombea kingo za tabaga, sisi wa cherehani kingo zetu ni zipi? Tulikuwa tumefika mahali ambapo mtu mmoja akitoka, wote wanatoka. Nilimwona Lailah anakunja karatasi yake ya rangi vipande vidogo vidogo, na nikaona kwamba anakaribia kulia, na nikaona pia kwamba atakufa kabla ya kulia mbele yetu.

Hajati Kaltumi akanielekea. “Mama Heritier, siku ulipojiunga, ulianza na nini?”

“Nilianza na cherehani, Hajati.”

“Kabla ya cherehani.”

Nikakumbuka. Kwetu, awe msusi awe mshonaji, mtu mpya hapewi kazi kabla hajakaa chini kando ya Hajati na kusuka kitovu, kile kiduara cha katikati ambacho tabaga yote huanzia. Cha ukubwa wa kiganja tu. Ukindu mmoja usiotiwa rangi, mmoja wa zambarau, basi. Hajati hatoi rangi nyingine kwa mwanafunzi. Changu kilitoka kimepinda, nilikuwa nimefika Kampala siku ya kumi na moja, vidole havijazoea ukindu, na yeye alikipokea kama kitu kizuri. Bado kiko kwenye sanduku lake pamoja na vya wengine wote.

“Ukindu mtupu na zambarau,” nikasema.

Akamwuliza Safinah. Zambarau na ukindu mtupu. Akamwuliza aliyenuna kuliko wote. Jibu lilikuwa hilohilo. Akaendelea kuuliza mmoja baada ya mwingine, hakuruka mtu, na kufikia wa thelathini watu walikuwa wanajibu pamoja. Lailah alikuwa ameshachukua simu anapiga picha kiduara kimoja cha sandukuni pale kwenye mwanga. Nikaandika azimio: mlango wa mtandaoni wa kikundi utavaa rangi za kitovu, na hazitabadilishwa na mtu yeyote bila mkutano wa wanachama. Walitia saini tisini na mmoja, wengine kwa dole gumba.

Zilibaki siku tatu. Lailah alizitumia zote. Ule ukindu mtupu ni rangi ya chai ya maziwa, na maandishi meupe juu yake hayasomeki, hasa juani. Alijua kwa sababu saa saba mchana alishuka sokoni Nakawa na simu tatu za aina tatu, akasimama kwenye jua kali katikati ya wauza nyanya, akimpa kila mwanachama aliyempata asome. Kwa kila aliyekunja uso, Lailah alirudi juu akakoleza kidogo zambarau ya maandishi. Alishuka na kupanda mara nane. Nembo akaichora kutokana na kiduara chenyewe. Na kuhusu Daraja la Kesho, hakuwafuta, maana mkataba wao na sisi ulisema nembo yao lazima ionekane. Aliiweka chini kabisa, mwisho wa ukurasa, kwa kijivu.

“Lailah, hii ni kisasi,” nikamwambia.

“Sio kisasi. Nimepima. Ni nafasi ileile, ukubwa uleule waliotupa sisi. Ila mimi nimewaandika jina.”

Alhamisi wageni wakaja. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja anaitwa Annick, ana sauti ya chini, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wandera alifungua ukurasa kwenye projekta bila kutazama ukuta, kwa sababu tangu siku ile hakuufungua tena, aliamini buluu bado ipo. Kisha akatazama. Nilimwona rangi ya uso inavyomtoka.

Annick alisoma kimya. Akauliza, “Nembo yetu iko wapi?”

Wandera akafungua mdomo, Lailah akawahi. “Iko chini, dada. Shusha. Shusha tena. Hapo.”

“Ni ndogo sana.”

“Ni ndogo, ndiyo. Miaka miwili hapo palikuwa petu, na hakuna aliyetuambia ni padogo.”

Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka kusimama juu ya meza. Nikampa Annick kumbukumbu za mkutano, zile saini na madole gumba. Alizipitia zote, ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni akasema mkataba unataka nembo ionekane, na inaonekana, na azimio la wanachama yeye hana mamlaka ya kulivunja. Hakutabasamu. Alikunywa chai yake, akaaga vizuri, akaondoka. Ukurasa umebaki hivyo mpaka leo, na yule mwalimu wa Kyambogo ametuandikia tena, safari hii kwa jina letu.

Gari la wageni lilipotoka, Wandera akaweka mkataba mezani, na kalamu juu yake. Hakupiga kelele.

“Umeniaibisha mbele ya wakubwa zangu. Lakini najua unajua kuomba radhi, nimekusikia kwa masikio yangu. Niandikie barua ya kuomba radhi, mistari miwili tu, niiweke kwenye faili. Nikiipata nasaini sasa hivi.”

Hakukuwa na mtu mwingine chumbani isipokuwa mimi. Nilimwomba kwa macho. Andika, bambi, tafadhali. Mistari miwili haiui mtu, na mama yako anahitaji dawa. Lailah alivuta karatasi, akaandika bila kusimama kufikiri, akampa.

Wandera aliisoma, kisha akaisoma kwa sauti kana kwamba anataka nimsaidie kuelewa. “Kwa wanachama wa Ukindu na Uzi. Naomba radhi kwamba kazi hii nimeifanya nikiwa nimechelewa miaka miwili.”

“Hii sio barua niliyoomba,” akasema.

“Ndiyo radhi pekee niliyo nayo.”

“Basi sisaini.”

“Usisaini.”

Lailah akaanza kukusanya vitu vyake: kikombe, chaja, daftari la misimbo ya rangi. Wandera alikuwa ameshaikunja ile karatasi mara moja, anataka kuichana. Mimi miaka yote nimekuwa mtu wa kunyamaza kwenye meza za watu, lakini nilijikuta nimesimama.

“Nipe hiyo, Bwana Wandera.”

“Haina maana, Mama Heritier.”

“Haikuandikwa kwako. Imeandikwa kwa wanachama, na katibu wa wanachama ni mimi.”

Akanipa. Nikainyoosha juu ya meza ya cherehani, nikatoa muhuri wa kikundi, nikaugonga: Imepokelewa. Nikatia tarehe na saini yangu. Na kwa sababu Lailah alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, hana kazi, anangoja aone nitafanya nini, nikaandika chini ya muhuri kwa herufi kubwa ambazo hata mtu asiye na miwani anazisoma: WANACHAMA WAMEMSAMEHE.